Punda wa Kupandisha Maji Newala

Saa kumi na mbili asubuhi, chini ya mteremko wa Newala, ukungu bado umelala bondeni. Esha binti Saidi anapitisha mkono kwenye mikanda ya ngozi inayomfunga punda wake na gari. Anavuta kila fundo mara mbili, kisha anarudi nyuma kuyatazama mapipa mawili ya maji. Midomo yake inacheza, lakini sauti haitoki.

Nyuma ya gari amesimama kaka yake, Hamidu, ameshika kabari ya mti mgumu. Gari likisimama mlimani, yeye ndiye wa kuipachika kabari hiyo nyuma ya gurudumu kabla mzigo haujarudi chini.

"Tayari?" Hamidu anauliza.

"Ngoja kidogo. Narudia mafundo."

Esha anavuta kila fundo kwa mara ya tatu. Ndipo anapomshika punda hatamu, na safari ya kupanda, mwendo wa saa tatu, inaanza.

Juu Newala hakuna mto wala kisima. Masika watu hukinga mvua. Kiangazi wanawake hushuka bondeni na mitungi kichwani, na mwenye kutoka alfajiri hurudi jua likiwa limepanda sana. Baada ya vita vya Maji Maji watu walilazimishwa kukata njia ya magari kwenye mteremko huo, na tangu hapo wachache wamejaribu kupandisha maji kwa punda na kuyauza. Esha, mwenye umri upatao miaka thelathini, ndiye mwanamke pekee miongoni mwao.

Kazi hii hakuitaka. Ilikuwa ya mumewe, Muharami.

Kiangazi kilichopita Muharami alikuwa akipanda na punda dume mwenye umbo zuri, aliyemnunua kwa msafara uliokuwa ukipita. Kwenye kona ya katikati ya mlima punda yule alipiga magoti. Gari likarudi nyuma, likamburuta mnyama, na gurudumu likapita juu ya mguu wa Muharami chini ya goti. Punda alikufa pale pale. Muharami aliletwa nyumbani kwa machela.

"Nilikuwa nyuma yao na mtungi wangu," Esha anasema. "Niliusikia mfupa. Watu wananiambia hukuweza kuusikia, gari lilikuwa linapiga kelele. Mimi niliusikia."

Kwa miezi sita familia iliishi kwa muhogo wa shambani na mikeka aliyosuka Muharami akiwa amekaa. Pipa moja la maji huuzwa hela sitini, na hela mia ni rupia moja, na kodi ya nyumba kwa mwaka ni rupia tatu. Asiyelipa huchukuliwa kufanya kazi ya barabara. Esha aliona wanawake wawili wa jirani wakichukuliwa kwa kodi ya waume zao wagonjwa. Wiki ile ile aliuza mbuzi wote waliobaki, akamwendea kaka yake.

Hamidu anawajua punda. Wakati wa vita alikamatwa kubeba mizigo ya jeshi la serikali, na kwa miezi minane alitembea nyuma ya msafara wa punda. Mengi ya siku hizo hayasimulii. Anasimulia tu kwamba alijifunza kumtambua mnyama aliyeumwa na nzi wa ndorobo kabla hajaanguka: nywele husimama, macho hutoa machozi, tumbo la chini huvimba.

Ndugu hao wawili walitembea mpaka Nanganga, kwa Mzee Mrisho, mfanyabiashara anayenunua punda waliokwisha kutumika mashambani upande wa Lindi na kuwauza kwa watu wa bara. Siku hiyo alikuwa na punda wawili. Mmoja dume wa kijivu, kifua kipana, kwato safi. Wa pili jike, sikio moja limechanika, mabega yana makovu ya mikanda.

"Shikamoo, Mzee," Esha alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Mama nani?"

"Mama Pili, wa Newala."

"Basi, Mama Pili, mchukue huyu dume. Huyu jike namuuza kwa mtu wa kubebea mahindi."

Hamidu aliwakagua wote wawili, akawafungua midomo, akawanyanyua miguu, akaweka sikio ubavuni kusikiliza pumzi. Hakuona ugonjwa. Dume alikuwa na miaka sita hivi. Jike meno yake yalikuwa yamelika.

Esha aliomba wafungwe kwenye gari lenye mzigo wa mawe, mmoja baada ya mwingine, na kupandishwa kilima kilicho nyuma ya kijiji.

"Punda hutazamwa meno," Mzee Mrisho alisema. "Hachoshwi kabla hajanunuliwa."

"Wa kwanza tulimtazama meno, Mzee. Baba Pili sasa anatembea kwa mkongojo."

Mzee Mrisho akaagiza gari liletwe.

Dume alipanda kwa nguvu, karibu kwa mbio. Katikati ya kilima Esha alimsimamisha. Punda alisimama kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Halafu aligeuza kichwa, miguu ya nyuma ikateleza, na gari likaanza kurudi. Hamidu alitupia kabari. Gurudumu likairusha pembeni. Mawe yakaanza kumwagika, punda akilia na kuvutwa nyuma, mpaka gari lilipogonga kichuguu na kusimama.

Hakuna aliyeumia. Lakini Esha alikuwa amekaa chini, mikono kichwani.

"Wallahi sikulijua hili," Mzee Mrisho alisema. "Shambani alivuta kwenye tambarare."

Hamidu alimwendea dada yake. "Twende nyumbani. Roho yako haiwezi kazi hii."

"Nikirudi bila punda, nitabeba mtungi," Esha alimjibu. "Mimi nitabeba, na mwanangu Pili atabeba, na kodi bado itatufuata. Mfunge huyo jike."

"Na yeye akirudi nyuma?"

"Mfunge, kaka."

Yule jike alipanda polepole. Esha anakiri kwamba muda wote ule alitembea pembeni, mbali na magurudumu, tayari kukimbia. Aliposimamishwa, punda alitanua miguu ya nyuma, akainamisha kichwa, akabaki hivyo, mzigo umetulia nyuma yake. Walimsimamisha mara tatu, na mara ya tatu Hamidu hakuitumia kabari.

"Huyu amefundishwa na mlima," Hamidu alisema. "Lakini ni mzee. Atafanya kazi miaka mitatu. Minne, Mungu akipenda."

Esha alitoa rupia arobaini. Hakuwa na nyingine.

Safari ya kurudi ilichukua siku tano badala ya tatu. Karibu na Masasi walisikia kwamba simba alikuwa amemchukua mtu shambani wiki hiyo. Wakawa wanatembea jua likiwa juu tu, na kila walipolala waliomba wenye nyumba wamwingize punda ndani. Nyumba mbili ziliwakatalia.

Leo ni wiki ya tano ya kazi. Gari limefika kwenye kona ya katikati ya mlima, mahali pekee penye nafasi ya kumpumzisha punda. Esha anamsimamisha. Hamidu anapachika kabari. Mtu anasikia maji yakicheza ndani ya mapipa na pumzi nzito ya yule mnyama.

"Hapa ndipo," Esha anasema hatimaye, kwa sauti ya chini, na hapaangalii.

Baada ya kitambo anavuta hatamu, na gari linasonga.

Nyumbani Muharami amekaa kizingitini, mkeka nusu mapajani. Hatoki kwenda ukingoni mwa mlima kumtazama mkewe akipanda. "Nikisikia magurudumu yamenyamaza, siwezi hata kupitisha ukili wa mkeka," anasema. "Nangoja tu yalie tena."

Watu wamemwambia Esha atazoea. Yeye haamini. Anasema woga wa wiki ya tano ni ule ule wa siku ya kwanza.

Ndiyo maana nyuma ya nyumba yao pana shimo. Esha huchimba alasiri, punda akila majani, na Muharami huketi ukingoni akikanda udongo mzito wa bondeni, uliopandishwa kwa gari hilo hilo, ili azipake kuta za shimo zisinyonye maji. Wanataka shimo likinge mvua ya masika itokayo kwenye paa lao na la Hamidu.

"Masika haya likijaa, nitashuka mara moja tu kwa wiki," Esha anasema. "Nikichimba la pili nalo likajaa, sishuki tena. Huyu bibi punda atakuwa bado hai, nitamwacha ale majani."

Anaingia shimoni na jembe. Kwa sasa limemfika kiunoni. Anataka limpite kichwa kabla ya mvua.