Kidole Changu Kilivyopanda Basi Kwenda Masoko

Hapana, sikunyang'anywa cheo. Nakiachia mwenyewe, na Jumatano napanda basi tena kwenda kukikabidhi. Nyie mliokuwa shambani siku ya mkutano, najua hilo swali mlikuwa mnalileta, nimewaona mnavyotazamana.

Sababu ya safari ilikuwa salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Mikorosho yetu hapa Mtama ilishatoa maua, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, umeanza kuyashika, na mifuko yetu ya salfa imelala stoo kule Kilwa Masoko, kwenye umoja wa vikundi vya wakulima. Stoo haitoi mfuko mpaka kompyuta iseme ndiyo, na kompyuta imegoma. Katibu wetu, Mzee Nandonde, akanijia asubuhi na ile sauti yake ya mtu anayeburuta gunia: "Mweeenyekiti... wanasema... bila wewe... haifunguki."

"Mimi nisiyejua hata a, inanitakia nini?"

"Kidole."

Maana siku ya kuandikisha, na sisi Mtama ndio tulioanza, fundi wa umoja, binti mmoja anaitwa Zuhura, aliuliza kila mtu apewe cheo gani humo kwenye mashine. Nandonde akapanga kwa umri. Adabu, alisema, mtoto hawezi kumpita bibi. Basi mimi mzee kuliko wote nikawa msimamizi mkuu, nikabonyezeshwa kidole gumba. Nikanogewa, nikabonyeza na vingine vyote tisa, wakacheka. Zuhura mwenyewe, ndiye anayeijua kazi, akapewa cheo cha kuangalia tu.

Alfajiri nikatoka Mtama na kikapu changu na mihogo ya kuchemsha. Konda akapiga kelele, "Bibi, mzigo wako uko wapi tupakie?" Nikamnyooshea kidole gumba. Akacheka mpaka Mnazi Mmoja.

Lindi nikabadilisha gari. Njia nzima mpaka Mchinga na kuendelea nilikuwa nachungulia mikorosho ya watu. Mingine imepuliziwa, maua yanang'aa. Mingine imeshakuwa kama imemwagiwa majivu. Moyo ukaniuma, nikawaza yetu.

Nangurukuru nikapata gari dogo la kuingia Masoko, na pale stendi nikachukua bodaboda mpaka ofisini. "Bibi, nishike kiunoni, usiogope." Nikamwambia, mjukuu wangu, viuno nimeshika kabla mama yako hajazaliwa, wewe endesha.

Alasiri nikamkuta Zuhura. Huyo anaongea kama mvua ya mawe: "Shikamoo Bibi pole na safari karibu maji yaani Bibi tumekwama kinoma!"

"Marahaba. Sasa rudia polepole, mimi sikimbii."

Akanionyesha boksi moja jeusi linanguruma. Akasema ndani yake mna kompyuta nne. Nikachungulia nyuma, nikaona moja. Akacheka. "Bibi, ni kama nyumba ya kupanga. Nyumba moja, vyumba vinne, kila mpangaji na mlango wake. Chumba kimoja kina orodha ya wakulima, kimoja kina stoo. Na kila mpangaji ana cheti cha usalama, akigonga kwa mwenzake anakionyesha. Vyeti vimeisha muda. Stoo inaiambia orodha, wewe sikujui."

"Kwa nini hukuvifanya upya?"

"Mimi naangalia tu, Bibi. Naona ugonjwa, kushika siruhusiwi. Na maonyo yalikuwa yanakuja kwa msimamizi mkuu, mwezi mzima."

Kwa nani? Kwangu! Zile meseji nilidhani ni wale matapeli wa umeshinda zawadi. Kila ikilia namwambia mjukuu, futa. Nikainamisha kichwa nikanywa maji.

Nikaweka kidole gumba kwenye kimashine cha kusoma alama. Kikapiga kelele, kikawaka taa nyekundu. Nikafuta kwa kanga, nikaweka tena. Nyekundu. Zuhura akageuza kiganja changu, akakisogeza kwenye mwanga. Wiki nzima nilikuwa nabangua korosho, mafuta ya ganda yameila ngozi, vidole laini kama jiwe la mto. Tukajaribu cha pili, cha tatu, mkono mzima wa kulia. Mikorosho ya watu wote wa kikundi, na mimi nimekuja na vidole visivyo na alama!

Mkono wa kushoto, kidole cha mwisho kabisa, kile kidogo ambacho sishikii korosho. Kijani.

Zuhura aliruka, kiti kikaanguka. Akafanya cheti cha kwanza, cha pili, mpaka vinne. Mtunza stoo akaja mbio, "Inasoma! Mtama wote wanasoma!"

Kisha binti akaniambia taratibu, "Bibi, kabla hujaondoka, tugawe upya. Mtunza stoo aone stoo, wa orodha aone orodha, na ruhusa kubwa tuwe nayo wawili tunaofanya kazi hapa."

Nikamjibu mpaka nikaulize mkutano. Uongo. Cheo kilikuwa kitamu.

Nikalala kwao, kesho yake nikarudi nimekaa mbele kwenye lori, mifuko ya salfa nyuma. Nandonde alipotuona alisahau kuburuta sauti. Jioni ile ile watu wakabeba mabomba ya kupulizia, na leo mnaona wenyewe, maua yetu yamesimama.

Mkutanoni nikasimulia yote, hata zile meseji. Wakanisamehe kwa vigelegele. Wakasema, Mwenyekiti abaki msimamizi mkuu, mkubwa ni mkubwa. Nilishaanza kushukuru, nimeshika na kifua. Ndipo akasimama Nandonde, yule yule aliyepanga kwa umri, akaongea haraka kuliko Zuhura:

"Bibi, ukifa Jumatatu, Jumanne tunapulizia nini?"