Haki ya Baba Chini ya Shamba la Watu

Baba alisomea uhandisi Marekani, na huko akanunua haki ya kumiliki mafuta na gesi yaliyo chini ya shamba la mwanamke aliyempangisha chumba; kule haki hiyo huuzwa mbali na ardhi yenyewe. Alipofariki tukairithi, mimi na dada yangu. Mwaka huu kampuni moja ikatuandikia, inataka kuinunua.

"Tuuze," alisema dada.

Mimi sikutulia. Nikitoka kazini, kwenye viwanda vya Rusayl, nilikuwa napitiliza nyumbani hadi ufukwe wa Qantab, nikakaa garini nikitazama bahari bila kuiona.

Ijumaa tulikwenda kwa Mama, mtaa wa Mawaleh. Nikamuuliza Baba angetaka nini.

"Nnavyojua mimi, hayo mafuta hakuyataka," alisema Mama. "Yule bibi mwenye shamba alikuwa mgonjwa, na msaada hapokei. Baba yenu akanunua ili bibi apate pesa za kujitibu."

Dada aliiweka barua chini. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

Tukawatafuta jamaa za yule bibi. Mjukuu wake bado analima pale, akajibu kwamba angeinunua kwa furaha. Tukamuuzia yeye, kwa bei ndogo kuliko ya kampuni.

Dada amesharidhika. Mimi kuna siku bado napitiliza nyumbani hadi Qantab, nikimfikiria Baba.