Mji Alioujua kwa Masikio

Pankras, mwashi wa Liuli kando ya ziwa, alifika Mbinga mara ya kwanza akiwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yote mawili. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, kahawa ilipoanza kununuliwa na watu binafsi na maduka yakachipuka barabarani kama uyoga. Habari zikashuka hadi ziwani kwamba daktari wa macho anakuja wilayani. Mkewe, Gertruda, akamshika mkono, wakapanda lori la samaki wakavu hadi huko milimani.

Daktari alikuwa hajafika, wakaambiwa wasubiri. Walifikia kwa binamu yake Gertruda, nyuma ya soko. Kila asubuhi Gertruda alipokwenda kusaidia kuuza vitumbua, alimwacha mumewe mbele ya duka la Mwanakombo, mjane mwenye asili ya Kilwa, aliyempa kreti la soda akalie.

Hapo ndipo Pankras alipouona mji, kwa namna yake. Ukungu ulimgusa nyusi kama manyunyu ya ziwa. Ng'ambo ya barabara kahawa ilianikwa vichanjani, na wasichana walipoigeuza kwa viganja, alisikia wimbi likivuta changarawe. Robota la mitumba likifunguliwa, harufu yake ya dawa ilimfikia kabla ya kelele za wanunuzi. Wanawake wa kijiji cha Maguu walipita wakisemezana Kimatengo, nyayo zao nzito kwa mizigo. Katika giza lake yote yakawa maji: watu wanaelea, sauti zinakuja na kurudi, naye ameketi ufukweni. Mara nyingine hakujua kama yu macho au anaota.

Dukani kukiwa kimya, Mwanakombo alimsimulia juu ya nyumba za kwao zenye baraza, ambako mtu hukaa tu na mji ukamjia. Hapa, alisema, watu hununua wamesimama, kisha huondoka.

"Nikipata macho, mama, nitakujengea baraza," Pankras alisema.

Mwanakombo hakucheka. Alimuuliza angetumia mawe ya wapi.

Daktari alikuja hatimaye, akampasua macho yote mawili. Jicho la kushoto lilikataa, la kulia likafunguka. Bandeji ilipotolewa, Pankras aliona weupe wa gauni la muuguzi, kisha mwanamke aliyejiziba mdomo kwa pindo la khanga.

"Unaniona, baba Izidori?"

"Nakuona. Umekonda."

Gertruda akalia, naye mumewe hakujua afanye nini na mikono yake.

Alipopata nguvu, alitoka peke yake kwenda dukani, akapotea. Mabati yalimeremeta, mashati mekundu yalipepea kwenye kamba, na kila mlango ulifanana na mwenzake. Mji huo hakuwa ameukuta kabla. Alizunguka mpaka miguu ikachoka. Mwishoni akasimama, akafumba lile jicho, akasikiliza. Kahawa ilikuwa inageuzwa mahali fulani mkono wa kushoto. Akaifuata polepole, hadi harufu ya duka la Mwanakombo, ya mafuta ya taa na iliki, ilipomjia. Alipofumbua, alimwona mwanamke mwembamba, kijana kuliko sauti yake.

"Shikamoo, mzee. Umepita hapa mara mbili."

"Marahaba, mama. Sikulijua duka kwa sura."

Baraza alilijenga kwa mawe ya mtoni na matofali ya kuchoma. Jicho moja lilimdanganya umbali, mwiko ukapiga hewani, hivyo kila mstari aliupima kwa kiganja kabla ya kuuamini. Sakafu ilipokauka, Mwanakombo alitandika mkeka na kuchemsha kahawa kwa tangawizi. Wakulima wa Maguu walikaa, wakapokea vikombe vidogo. Wengi walikuwa wameilima kahawa maisha yao yote bila kuionja. Mmoja alikunja uso, akatazama ndani ya kikombe kwa muda mrefu, akaomba kingine.

Pankras na mkewe waliondoka kabla ya masika kuharibu barabara. Juu ya magunia ya mahindi kwenye lori Gertruda alisinzia, kitambaa kikamteleza kichwani. Nywele zilikuwa zimeingia mvi, na hakuna aliyewahi kumwambia Pankras. Aliitazama ile mvi kona baada ya kona. Ziwa lilipotokea chini, la buluu, kubwa mno kwa jicho moja, alilitupia jicho mara moja tu, kisha akamrudishia mkewe kitambaa taratibu ili asimwamshe.