Jinsi Taa ya Breki Ilivyonipeleka kwa Selemani

Sikwenda Rumonge kwa hiari yangu. Mama Shamila, mfanyabiashara wa mawese na mteja wangu mkubwa pale Buyenzi, Bujumbura, alikuwa na pikapu ya zamani ambayo taa yake ya ABS ilikuwa inawaka kwa wiki tatu. Taa hiyo huonya kwamba mfumo unaozuia magurudumu yasigande umejizima. Nilikuwa nimefukuza hewa kwenye breki, nimebadilisha hata sensa ya nyuma, ile inayopima mzunguko wa gurudumu. Wapi! Kisha siku moja msafara wa magari yanayolindwa na askari ulisimama ghafla, magurudumu yakaganda, na pikapu ikateleza na mzigo wake wote nusura iligonge lori la askari.

"Twende kwa Selemani wa Rumonge," Mama Shamila aliniambia mbele ya mafundi wenzangu. "Weye utaendesha." Dereva wake, Ramazani, alikuwa amekimbilia Kigoma na familia yake kukwepa vita, na kibarua aliyeteleza na pikapu hakutaka kuishika tena.

Selemani! Tulijifunza ufundi gereji moja, nami nilimtangulia mwaka mzima. Mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kushika spana. Vita vilipopamba moto akahamia Rumonge, na tangu hapo kila msafiri aliyetoka kusini alikuja na sifa zake: Selemani kafufua injini hii, Selemani kasikiliza tu gari lile akajua ugonjwa. Roho iliniuma kila niliposikia.

Saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye foleni ya msafara. Siku zile hakuna aliyeshika barabara ya ziwani peke yake. Askari walikaa mbele na nyuma, ziwa likawa kulia kwetu na milima kushoto, na kila mtu aliitazama milima, kwani ndiko waasi walikovizia. Mimi niliitazama taa. Tulipoondoka ilikuwa imezimika, nikafurahi kijinga. Karibu na Gitaza barabara iliponyooka, msafara ukaongeza mwendo, nayo ikawaka.

"Hiyo hapo," alisema Mama Shamila.

Saa tano tuliingia Rumonge. Gereji ya Selemani ilikuwa banda la mabati karibu na mwalo wa wavuvi, na magari manne yalikuwa yanasubiri zamu. Niliyahesabu mara mbili. Kwangu nilikuwa nimeacha pikipiki moja, tena ya shemeji yangu.

"Amahoro, mukubwa wangu!" Selemani alinikumbatia, kisha akamgeukia Mama Shamila. "Amahoro, mama. Muyu ni kaka yangu kabisa."

Ningependa aringe kidogo. Ingekuwa rahisi zaidi kumchukia.

Alianza kwa kuuliza. "Hii taa inawaka saa ile munawasha gari, ao mupaka itembee?"

"Mupaka ikimbie," alijibu Mama Shamila.

Wiki tatu nzima sikuwahi kumuuliza swali hilo. Selemani akachukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili ya plagi iliyo chini ya usukani, na taa ikaanza kupepesa. Alihesabu kwa midomo: inapepesa, inatulia, inapepesa tena, na idadi ya mipepeso ndiyo iliyotaja mahali penye hitilafu. Kumbe gari lenyewe lilikuwa tayari kusema, na mimi sikujua hata namna ya kulisikiliza.

"Inalalamikia nyuma," alisema.

"Sensa ya nyuma nilishabadilisha," nilidakia, na kusema kweli nilifurahi. Nilitaka ashindwe. Nilitaka turudi na taa ikiwaka vilevile, ingawa usukani ungekuwa mikononi mwangu.

Selemani hakubishana. Aliomba kamba, akaizungusha kwenye tairi la mbele na kuikata mahali ilipokutana. Kisha akaipeleka kwenye tairi la nyuma. Haikufika, ilipungua kama vidole vinne.

"Pine za nyuma ni kubwa," alisema. "Pine kubwa inazunguka polepole kuliko ndogo. Akili ya gari inaona nyuma iko inachelewa, inafikiri inataka kuganda. Inachanganyikiwa, inajizima."

"Nani aliweka hizi pine?" Mama Shamila aliuliza.

Mimi. Ramazani aliniletea gari siku chache kabla ya kukimbia, akataka matairi ya saizi ileile. Nikamwambia makubwa ndiyo mazuri, yatabeba madumu mengi zaidi.

"Ni Ramazani," nilisema. "Alizitaka yeye."

Selemani alinitazama kidogo, kama fundi anayejua dereva hajifungii pine mwenyewe, akainama kufungua nati.

"Na ametuma watu kuniomba kazi, anataka kurudi," alisema Mama Shamila. "Kwangu asirudi."

Selemani alituazima matairi mawili ya saizi sawa na ya mbele. Tukalijaribu gari kwenye barabara ya michikichi kwa mwendo mkali, na taa haikuwaka tena.

Kesho yake asubuhi tulirudi na msafara. Kutoka Rumonge hadi Magara Mama Shamila alinisimulia habari za Selemani tu: mikono yake, adabu yake, akili yake. Nilibana meno. Tulipokaribia Gitaza, lori la askari lilifunga breki ghafla. Nikakanyaga, na pikapu ikasimama imenyooka, kimya, hatua chache nyuma yao.

Mama Shamila alishusha pumzi. "Ramazani angeniua," alisema.

Ndipo nilipoona nilichomfanyia mtu aliye ukimbizini na watoto wake, kwa sababu tu sikutaka kuonekana mdogo mbele ya Selemani.

"Si Ramazani," nilisema. "Ni miye. Yeye aliomba saizi ileile."

Tulipoingia Buyenzi, Mama Shamila alishuka, akachukua funguo.

"Ramazani atarudi kuendesha," alisema. "Gari itatengenezwa Rumonge."

"Na miye?"

"Weye utanunua pine ingine, halafu utamurudishia Selemani zake kwa mukono wako."

Wiki iliyofuata nilipanda msafara tena, nikampelekea. Hakuuliza lolote kuhusu Ramazani. Alinikalisha mbele ya gari la mteja, akanifundisha kuhesabu ile taa, mara tatu, mpaka nikashika. Kazi hiyo naijua sasa, lakini wivu haujaniisha. Siku hizi simwonei wivu kwa gereji yake wala foleni yake ya magari. Namwonea wivu kwa sababu alijua nimesema uongo, na hakuniumbua mbele ya mteja wangu. Ningekuwa mimi, ningemuumbua.