Risasi za mzee wangu wa Riyadh zilipoanza kutawanyika

Wakuu, habari za humu. Shule niliishia la nne, herufi mtanisamehe. Ila hiki kisa sijakitia chumvi, kilinikuta mwenyewe.

Nilikuwa dereva Riyadh, mtaa wa Shumaisi. Miaka ile akina mama wa kule wameanza kuruhusiwa kuendesha, madereva tunakatiwa tiketi za kurudi mmoja mmoja. Binamu yangu wa Jeddah, pale Bani Malik, alishafungasha. (Huyo ana kisa chake na mbuzi, tuache.)

Mimi nilibaki kwa sababu moja. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini kule, mzee wa miaka sabini na kitu, alipenda kulenga shabaha jangwani, na msimu ukifunguliwa anawinda. Bunduki ina kibali, mimi ndiye wa kumpeleka.

Sasa mzee risasi za dukani hataki. Anajaza mwenyewe mezani, ganda moja moja, baruti anaipima kwa mizani ndogo kama ya sonara. Anasema kila bunduki ina chakula chake. Na kweli, akipiga tano, matundu yote unayafunika kwa kiganja.

Joto likaja. Nikamwona anavuja jasho pale mezani, nikamhurumia. Nikaivuta meza mpaka chini ya AC. Akaniombea dua.

Tangu hapo risasi zikawa zinatawanyika kama kuku walioona mwewe. Wiki ya kwanza, ya pili. Mwanawe anayekaa Jeddah akaja, akaitazama karatasi ya shabaha, akacheka.

"Baba, mkono halas, umekwisha. Bunduki tuuze, na huyu dereva wako Salumu akapumzike kwao."

Mzee anaangalia vidole vyake tu. Wakuu, iliniuma, na si kwa ajili ya kibarua peke yake.

Kesho yake nampelekea kahawa, namkuta anapima. Mshale wa mizani unacheza! Nikakumbuka Geita, nilikuwa nafagia kwa mnunuzi wa dhahabu. Pale kabla ya kupima feni inazimwa, mlango unafungwa, la sivyo wachimbaji wanakutukania mpaka bibi yako.

Nikazima AC. Mshale tuli.

Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Baba, mkono wako mzima. Huu upepo ndio unaokuharibia vipimo, risasi hii inapata baruti nyingi, ile kidogo. Na meza niliisogeza mimi."

Akaniangalia weee. "Ya Salumu, utaniua kwa huruma!"

Tukairudisha meza, tukajaza upya, tunafutana jasho kwa taulo moja.

Ijumaa jangwani, mwanawe yupo. Mzee akapiga tano, zote zimekaa pamoja. Kijana hakucheka. Aliibandua ile karatasi, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni aende nayo Jeddah. Habari ya kuuza sikuisikia tena.

Nilichojifunza: mzee akikosea, kabla hujasema amekwisha, angalia kwanza wewe umemkalisha wapi.

Nanyi mliowahi kumharibia mtu kwa kumsaidia, semeni hapo chini, nisione aibu peke yangu.