Picha ya Jani la Mahindi

Juma lililopita nilikuwa nakunywa chai kwenye hoteli moja pale Garsen, meza moja na afisa ugani wa chuo kikuu. Alikuwa amezama kwenye simu, akisoma tangazo la nafasi za masomo ng'ambo kwa maafisa kama yeye. Somo lenyewe: mbinu za kumfikia mkulima.

Mkulima akaingia. Alikuwa mama aliyetoka kijiji cha Wema tangu alfajiri, na kwenye pindo la leso alifungua jani la mahindi lililotobolewa na viwavi.

"Bwana shamba, nimekutafuta hadi ofisini. Shamba lote la kando ya mto liko hivi."

Uso wa mtaalamu ukachangamka. Kumbe maombi ya masomo hayo yalihitaji picha yake akiwa na mkulima. Akanipa simu niwapige picha.

"Mama, inua jani kidogo. Usicheke, tunaonyesha shida."

"Sicheki," mama akasema.

Afisa akavaa sura ya huruma, akalinyooshea jani kidole bila kuliangalia, maana macho yalikuwa kwenye kamera. Picha ikatumwa papo hapo.

"Na hawa wadudu?"

"Hao tutawashughulikia nikirudi. Kozi ni miezi mitatu tu."

Mama akalifunga jani lake polepole. "Basi nitawaambia wakungoje."

Wengine watamlaumu afisa. Mimi namlaumu mama. Haraka ya nini? Amekuja kumfikia mtaalamu kabla mtaalamu hajafundishwa kumfikia yeye.