Matabishi ya Katembo

Katembo alikuwa na mkono wazi, Nyabiondo nzima ingekuapia. Kibandani mwake alichaji simu na kuuza betri, na mteja hakuondoka bila matabishi, ile nyongeza ya bure ambayo muuzaji wa kwetu asipoitoa huitwa mchoyo mpaka kanisani. Wauza maharage huongeza kiganja cha maharage. Katembo aliongeza programu.

Iliitwa Njia, na ilikuwa ya simu ndogo za vitufe, hizo simu zetu ambazo watu wa mjini wameanza kuzicheka. Miaka ile ya vita wenye bunduki walihamahama barabarani kama nzi, na Njia ndiyo iliyokuambia leo wako wapi. Ilikuwa ya kununua kwa mtengenezaji wake, Bienvenu, lakini fundi mmoja alivunja kufuli lake, Katembo akapata nakala, akaigawa kwa furaha. Ya Bienvenu ilibaki vilevile. Wizi uko wapi hapo?

Asubuhi hiyo mkewe, Kavugho, alipanda pikipiki ya jirani yao Athanase kupeleka sabuni kwa wachimbaji wa Omate. Katembo mwenyewe aliifungua Njia kwenye simu ya mkewe, wakasoma pamoja: njia iko wazi. Akawaaga kwa roho nyeupe.

Hazikupita saa nyingi, akaja mgeni mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, akanunua betri.

"Papa, leta simu nikuwekeye matabishi," Katembo akasema. "Iko programu moja, Njia."

Mgeni akacheka bila furaha. "Ile nilitengeneza miye. Bienvenu njo miye."

Katembo aliona aibu, akangoja matusi. Hayakuja.

"Ya simu kidogo nilishaifunga, kaka. Sasa ninatengeneza ya zile simu kubwa za Goma tu. Huku bote bako nayo ya bure, hakuna mwenye ananunua. Na bale bamama ba ku mashamba, benye balikuwa banatupigia bakiona basoda, bale ba bunduki, inite yao, salio ya simu, ilikuwa inatoka mu ile feza ya benye kununua."

"Ulifunga lini?"

"Juma yenye ilipita."

"Lakini inaandika njia iko wazi!"

"Njo habari ya mwisho yenye ilipokeya. Haitabadirika tena."

Katembo akaikwapua simu yake. Alipiga simu ya Kavugho: haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akaacha kibanda wazi na jenereta ikinguruma, akarukia pikipiki ya kwanza iliyopita. Njiani aliomba kwa sauti, rozari nzima ikimvurugika mdomoni.

Kwenye kona ya mashamba ya mihogo mama mmoja aliinua jembe kuwasimamisha.

"Musiende, baba! Basoda bako mbele tangu juzi. Tulibaona, lakini hatuna inite ya kupigia muntu."

Ndipo Kavugho alipotokea, anatembea peku, hana mzigo, simu ameifumbata mkononi. Katembo alimkimbilia akamkumbatia huku analia. Kisha akatazama nyuma yake. Barabara ilikuwa tupu.

"Athanase iko wapi?"

"Bamemupiga risasi."

Kavugho alimwangalia yule mama wa shambani, kisha akamkabidhi mumewe ile simu.

"Alitaka kusimama hapa aulize bamama, vile anafanyaka siku zote," akasema. "Miye njo nilimukataza. Nikamuonyesha matabishi yako."